Jino la Mpiga Tarumbeta

Usiku wa nne, Demiran haongei.
Anaizunguka meza ya jikoni kama punda wa kinu,
shavu limeumuka, jicho la kushoto limekuwa ufa.
Vranje yote imelala; jino peke yake liko macho,
linapiga ngoma yake, dum, dum,
likifuata mapigo ya moyo bila kukosea hata moja.

Amekwisha kujaribu yote yasiyo na risiti.
Rakija ya mjomba, pombe kali ya plamu,
aliishika mdomoni hadi machozi yakamtoka,
kisha akaimeza, “isiharibike.”
Karafuu. Maji ya moto na chumvi.
Aspirini aliyoilaza juu ya ufizi kama mtoto,
ikamchoma, ikamwachia kidonda cheupe:
sasa ana maumivu mawili, nayo hayasalimiani.
Vidonge vitatu vya antibiotiki
vilivyobaki drooni tangu kikohozi cha mama yangu.
Uvimbe ukapungua siku mbili, akanicheka.
Siku ya tatu ukarudi na jamaa zake.

Mimi ndiye mwenye kuweka hesabu za bendi.
Najua harusi ya Jumamosi inalipa nini,
najua tuba tunadaiwa kiasi gani,
na najua jino hilo si jino tu:
ni la mbele, la juu, ndilo ukuta
ambao tarumbeta huuegemea.
Watu husema pumzi. Pumzi hata mvukuto unayo.

Alfajiri nikamvika koti.

Daktari Radojka ana mikono midogo
na sauti ya karani wa posta.
Akaligonga jino kwa mpini wa kioo, mara moja tu;
Demiran nusura ainuke na kiti.
Akatuonyesha picha: mzizi mweupe,
na nchani mwake doa jeusi, dogo kama punje ya dengu.
Dengu hiyo ndiyo iliyotunyima usingizi.

“Dawa peke yake,” akasema,
“ni kufunga mlango na mwizi yumo ndani.
Usaha lazima utoke. Njia ni mbili.
Nikiling'oa, ni robo saa, mnakwenda zenu.
Nikilitunza, nalitoboa kwa nyuma,
nausafisha mfereji wa mzizi,
mtarudi mara mbili, labda tatu, kisha nalivisha kofia.
Litakuwa jino lililokufa, lakini litasimama.”
Akataja bei zote mbili. Hakuzipamba.

Demiran akaonyesha kwa vidole: ng'oa.
Alikuwa akitazama mkoba wangu, si picha.

“Na pengo?” nikauliza.
“Baadaye tunaweza kuweka la bandia.”
Hilo wahenga walishalimaliza:
jino la pembe si dawa ya pengo.

Nikasema, toboa.

Ganzi ilikawia. Penye usaha
ganzi huingia kwa kubembelezwa; ikabidi sindano ya pili.
Kisha chombo kikalia, na harufu ikatoka,
ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa kaburini.
Na Demiran, mdomo wazi, taa usoni,
akalala. Usingizi wa kweli, wenye kukoroma.
Daktari akasimamisha mkono, akanitazama,
akacheka bila sauti.

“Homa ikipanda, au jicho likifunga, au akishindwa kumeza,
msiningoje mimi. Hospitali, usiku huohuo.”
Nikaandika nyuma ya risiti.

Jumamosi tarumbeta alipiga mpwa wake, Ferat.
Alikosea mahali pawili, bibi harusi hakujua.
Demiran alibeba ngoma kubwa,
dum, dum, na kila baada ya pigo
akiligusa jino kwa ulimi
kama mtu anayepapasa mfuko uliowahi kuibiwa.

Zimebaki safari mbili. Tuba itangoja.
Jana usiku nilimsikia jikoni
akipuliza sauti moja tu, ya chini, fupi.
Kimya.
Kisha tena.